Kiharusi: Sodiamu Ndani, Potasiamu Nje

Seli ya neva huishi kwa kusukuma madini. Pampu za utando wake hutoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, usiku na mchana, na ubongo hauna ghala la nishati la kuzilisha. Kwa kawaida gramu 100 za ubongo hupata mililita 50 hivi za damu kwa dakika. Kiharusi cha mshipa ulioziba kikiishusha chini ya 20, seli hunyamaza: mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, ila pampu bado zinafanya kazi. Karibu na 10 zinasimama. Hapo potasiamu ya nje ya seli, ambayo huwa milimoli 3 hivi kwa lita, hupanda hata ikapita 50. Sodiamu hukimbilia ndani ikivuta maji, seli ikavimba. Kalsiamu nayo hupenya na kuamsha vimeng'enya vinavyoitafuna seli.

Sehemu iliyo kati ya 20 na 10 ndiyo inayowahiwa na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ndani ya saa 4.5. Damu ikirudi mapema, pampu huamka na madini hurudi mahali pake. Ikichelewa, damu hiyohiyo huleta sodiamu na maji zaidi kupitia mishipa inayovuja.

Kosa linalonikera zaidi ni dripu ya glukosi 5% kwa mgonjwa ambaye sukari yake haijashuka. Sukari hutumika, yanabaki maji matupu, nayo huishia kwenye ubongo uliovimba. Tumia dripu ya chumvi 0.9%, yenye sodiamu milimoli 154 kwa lita.

Uvimbe ukizidi, dripu ya chumvi 3% au ya manitoli huvuta maji, lakini hasa kutoka sehemu ya ubongo ambayo kizuizi kati yake na damu bado ni kizima. Sehemu iliyokufa hainyauki sana. Wengi hulenga sodiamu ya damu milimoli 145 hadi 155 kwa lita. Usikatishe dripu hiyo ghafla: ubongo umeshazoea, na maji yatarudi kwa kishindo. Kwa sodiamu iliyokaa chini siku kadhaa, usiipandishe zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, la sivyo ala za neva kwenye shina la ubongo huharibika.

Magnesiamu ilitarajiwa kuzuia kalsiamu. Katika jaribio la FAST-MAG, matokeo 2015, wagonjwa 1,700 walianza kupewa magnesiamu au dripu isiyo na dawa ndani ya saa mbili, wengi wakiwa bado kwenye ambulensi. Baada ya siku 90 hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Nadhani ilivuka taratibu mno kuingia ubongoni, kalsiamu haingoji.