Polisi wa shule si wa bure, na pia huwezi kuwanunua na mia tano

Kuna wazo linazunguka kwa magrupu ya wazazi na juzi likaletwa tena kwa mkutano mkuu wa shule, eti kila mzazi atoe mia tano tu, tuajiri polisi wawili wakae getini na bunduki kama wale wa benki, mambo ya majambazi wa mifugo yaishe. Watu wakapiga makofi. Mimi ni basa (mwenye kushika pesa za shule) wa sekondari ya umma huku North Rift, Kenya, na nimechoka kupigia watu hii hesabu mmoja mmoja, kwa hivyo naiandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki.

Hiyo ya "kuajiri" kwanza. Wewe huwezi kuajiri polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu mtu aombe kwa Inspekta Jenerali apewe maafisa kwa shughuli zake na azilipie, benki hufanya hivyo, lakini pesa inaenda kwa Huduma na amri inabaki kwao. Mwalimu mkuu hawezi kumpanga afisa zamu. Kukitokea noma kwingine OCS (mkuu wa kituo cha polisi) akiwahitaji wanapanda gari wanaenda. Na tena shule ya umma haiwezi kuamka asubuhi ikatoza mia tano, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka idhini ya waziri. Hapo sitakaa sana.

Wengine wanasema itoke kwa kapitesheni, ile pesa serikali hutumia shule kwa kila mwanafunzi. Haya, chukua shule ya watoto 300. Kwa karatasi kila mwanafunzi ametengewa 22,244 kwa mwaka tangu 2018, hiyo ni kama milioni 6.67. Julai 2025 waziri wa fedha Mbadi alienda bungeni akasema serikali inaweza kumudu kama 16,900 hivi. Zidisha mwenyewe, milioni 5.07. Milioni moja na laki sita imeyeyuka kabla sijanunua chaki, na ile imebaki inakuja kwa vipande ikiwa imechelewa, kila shilingi na voti yake, yaani fungu lake la matumizi. Voti ya bunduki hakuna. Iko ya mishahara ya wafanyakazi wasio walimu, na hapo ndipo analipwa soja wa usiku, na mpishi, na mimi.

Lakini wenye wananimaliza kabisa ni wale wa upande ule mwingine: polisi ni wa serikali, shule ni ya serikali, basi ni bure. Bure ya wapi? Mshahara sawa, unatoka Nairobi. Afisa akishaletwa huku analala wapi? Hakuna nyumba, kwa hivyo mwalimu mmoja anahamishwa, ama stoo ya maabara inatolewa vitu. Anakula nini? Githeri ya wanafunzi, na baada ya wiki mbili mtu mwenye bunduki hataki tena githeri, inabidi nyama. Maji ya bauza (lori la maji) yanaisha siku mbili mapema. Redio na simu zinachajiwa kwa sola yetu yenye hata taa za prep (masomo ya usiku) inashindwa nazo. Halafu gari lao linaisha mafuta na mwalimu mkuu anapigiwa simu kwa upole sana, na wewe ukiwa basa unaambiwa "tafuta mahali". Mahali ni wapi jamani? Odita wa wizara akija anauliza hii elfu kumi na mbili ni ya nini, risiti iko wapi, na afisa aliyekula nyama haandiki risiti. Kwa hivyo shule nyingi zinaizika kwa BES, ile voti ya chakula na vifaa vya bweni. Maana yake mzazi wa bweni analisha askari wa taifa bila kujua na hakuna mtu Nairobi anayeiita malipo. Ukiniuliza nani alipie ulinzi wa shule nitakuuliza, ule wa karatasi ama ule wa kweli? Ule wa kweli wazazi wanaulipia tayari.

Msimamo wangu ni Nairobi ilipe yote, na nikisema yote nahesabu kitanda, chakula na mafuta, kutoka bajeti ya polisi wenyewe. Katiba kwa Jedwali la Nne imeweka polisi na shule za msingi na sekondari kwa serikali ya kitaifa. Kaunti imepewa chekechea, kwa hivyo gavana akisema atalipia walinzi wa shule ya msingi nashangaa, watalinda PP1 na PP2 pekee na darasa la kwanza lijitegemee? NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, inaweza kujenga posti ya polisi lakini gharama za kila mwezi haiwezi, na Mahakama Kuu ilisema Septemba 2024 sheria yake inakiuka Katiba na ikaipa hadi 30 Juni 2026 iishe. Na tukiachia kila shule ijilipie, ile ya mjini yenye wazazi wa mshahara itapata, na ile ya chini ya bonde, yenye wazazi wake ng'ombe wameshaibwa wote, itabaki na soja na tochi.

Sasa niseme ukweli, hata msimamo wangu una shimo. Kenya ina shule za msingi za umma zaidi ya 20,000 na sekondari karibu 9,000. Weka polisi wawili kila moja zamu ya mchana na wengine wawili ya usiku, na umemaliza karibu polisi wote wa nchi. Kwa hivyo lazima kuchagua shule, na anayechagua atasukumwa na wanasiasa. Halafu sina uhakika bunduki getini inatosha. Chuo Kikuu cha Garissa kilikuwa na walinzi langoni tarehe 2 Aprili 2015 na watu 148 waliuawa. Kamuthe, huko huko kaunti ya Garissa, Januari 2020, walimu watatu waliuawa, na waliowaua wakavamia posti ya polisi pia. Baadaye TSC (tume ya kuajiri walimu) ikahamisha walimu wasio wenyeji, na pengo likaangukia nani? Bodi za shule, ziajiri vibarua kwa pesa ya wazazi.

Mara nyingine naona NPR, wale polisi wa akiba wa vijijini, wangefaa kuliko karau wa kuletwa, wanajua njia zote za huku. Lakini kisheria ni wa kujitolea, na 2019 serikali ilikusanya bunduki zao kabla ya kuwarudisha kwa utaratibu mpya. Mtu wa kujitolea mwenye watoto nyumbani naye atakuja jikoni kwangu.

Mwenye anataka kusaidia kweli, barua inaandikwa na bodi kwenda kwa kamati ya usalama ya kaunti ndogo, kwa DCC (naibu kamishna wa kaunti), nakala kwa mkurugenzi wa elimu. Ombeni doria na posti ya karibu, na muweke kwa maandishi kwamba shule haina nyumba wala chakula cha maafisa. Hiyo sentensi ya mwisho msiitoe, hata mwalimu mkuu akiona haya.