Rizavu: maana yake, na yaliyopotea ndani yake

Rizavu ni eneo ambalo serikali ya kikoloni iliwatengea Waafrika ili ardhi iliyobaki ichukuliwe na walowezi. Wakenya wanalijua neno hili kutoka kwa wazee wao. Hapa ninalieleza kwa mfano wa Zimbabwe, wakati huo Rhodesia ya Kusini, kwa sababu huko inaonekana wazi kwamba ardhi haikuondoka peke yake.

Rizavu za kwanza, Gwai na Shangani, zilitengwa mwaka 1894 kwa ajili ya Wandebele, katika nchi kavu. Sheria ya ardhi ya 1930 ikawapa walowezi, watu wachache mno, karibu nusu ya koloni zima.

Kwa Washona, kabila kubwa zaidi la nchi hiyo, ardhi ina wenyewe: mizimu ya watawala wa kale, mhondoro, ambayo huombwa mvua na husema kupitia watu iliowapanda, wanaume kwa wanawake. Charwe, mwanamke aliyepandwa na mzimu uitwao Nehanda, alinyongwa na Waingereza mwaka 1898 baada ya vita vya Chimurenga, yaani uasi dhidi ya utawala wa kikoloni. Ipo misitu ambayo haikukatwa kwa kuwa ni mitakatifu. Ukoo uliohamishwa uliacha nyuma makaburi na misitu hiyo, na mlowezi aliyeingia hakufungwa na mwiko wowote.

Wanawake walipoteza kwa namna yao, na hili husemwa kidogo mno. Zamani mke wa Kishona alikuwa na kishamba chake, tseu, na mavuno yake yalikuwa mali yake. Kisha akaja Emory Alvord, mmisionari Mmarekani aliyeajiriwa na serikali mwaka 1926, akifundisha kilimo cha plau ya kukokotwa na ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mikononi mwa wanaume. Sheria ya 1951 ikagawa mashamba kwa waume. Mke aliyeolewa hakuhesabiwa. Hata mabonde yenye unyevu, ambako wanawake walilima mpunga na mboga, yalipigwa marufuku kwa hoja kwamba kuyalima kunaharibu udongo.

Udongo ulichoka kweli, lakini kwa sababu watu na mifugo walisongamanishwa mahali padogo. Serikali iliyowasonga ndiyo iliyowalaumu, ikawalazimisha kuchimba makinga maji na kupunguza ng'ombe. Chuki ya kazi hiyo iliwasaidia sana wapigania uhuru wa miaka ya 1970, ambao nao waliwaendea waliopandwa na mhondoro kuomba baraka. Baada ya uhuru wa 1980, rizavu zikaitwa ardhi za jumuiya, na mamilioni ya watu wanaishi humo hadi leo.