Senti 10 kwa maili: posho ya safari ya maofisa wa majini wa Marekani, 1861–1865

Ninapofungua jalada la ofisa wa Jeshi la Majini la upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, hutafuta kwanza karatasi ya amri. Huwa na mistari michache tu: ofisa aondoke bila kukawia, aende Cairo, Illinois, akaripoti kwa David D. Porter, kamanda wa kikosi cha Mto Mississippi. Dai lake lote la fedha za safari lilisimama juu ya karatasi hiyo.

Sheria iliyotumika ilikuwa kuukuu, ya tarehe 3 Machi 1835, nayo ilimruhusu ofisa anayesafiri kwa amri kulipwa senti 10 kwa kila maili. Fedha hizo hazikuwa masurufu ya kurejeshwa kwa stakabadhi. Hakuna aliyemuuliza amelala wapi au amekula nini, maadamu amri ipo na umbali unajulikana. Aliyekwenda kwao likizo alijigharimia mwenyewe.

Safari ya maili 1,000 ilileta dola 100, sawa na mshahara wa mwezi mzima wa ensaini (cheo cha chini cha ofisa wa majini) aliye baharini, ambaye kwa sheria ya Julai 1862 alilipwa dola 1,200 kwa mwaka. Wapo wanaoona hapo neema kubwa, nami sikubaliani nao. Ofisa aliyeondolewa melini alipoteza mshahara wa baharini, uliokuwa juu kuliko wa kazi ya nchi kavu, na anayesubiri amri alipata pungufu zaidi. Isitoshe, kuanzia 1862 serikali ililipa kwa noti zisizobadilishwa kwa dhahabu, na kufikia Julai 1864 dola ya karatasi ilikuwa imeshuka chini ya senti 40 za dhahabu. Kiwango cha maili hakikuguswa, kwa hiyo senti 10 za msafiri zilibaki na thamani ya takriban senti 4, huku bei za vyakula na malazi zikipanda.

Safari za ng'ambo zilileta ubishi wa muda mrefu zaidi. Wizara ilizoea kurudisha gharama halisi tu, hadi Mahakama Kuu, katika kesi ya Graham ya 1884, ilipoamua kwamba sheria ya 1835 haikutofautisha safari za ndani na za nje. Wakati huo Bunge lilikwisha kuibadili: mwaka 1874 liliweka malipo ya gharama halisi, na mwaka 1876 likarudisha posho ya maili kwa maofisa wa majini, mara hii kwa senti 8.