42.5 si kilo: yanayosemwa vijiweni kuhusu nguvu ya zege na nondo

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, Mtwara nzima inajenga. Magari ya mchanga hayatulii, na kila kijiwe kina mjuzi wa zege. Mengi yanayosemwa ni sahihi, maana mafundi wetu wameona mengi. Ila machache yananiuma, kwa sababu yanakula jasho la mkulima la mwaka mzima.

"Saruji ya 42.5 ina kilo 42 na nusu." Mfuko wa kawaida una kilo 50, uwe wa 32.5 au 42.5. Namba ile ni nguvu. Maabara wanachanganya saruji na mchanga maalumu na maji yaliyopimwa, wanamimina vipande vidogo, wanaviloweka mpaka siku ya 28, kisha wanaviminya mpaka vivunjike. Saruji ya 42.5 lazima ihimili nyutoni (kipimo cha nguvu ya kuminya) 42.5 au zaidi kwa kila milimita ya mraba. Lakini hiyo ni nguvu ya kipande cha maabara. Zege lako litapata nguvu kulingana na ulivyolichanganya na ulivyolitunza.

"Zege likikauka ndipo linakuwa gumu." Hii ndiyo mama yao. Udongo wa kukandikia nyumba hukauka. Zege halikauki hivyo. Saruji na maji hushikana kikemia na kuzaa kitu kipya kama jiwe, na kazi hiyo huendelea kwa wiki nyingi alimradi maji yamo ndani. Nguzo ukiiacha wazi kwenye jua la Novemba na upepo wa baharini, maji yanatoroka na kazi inasimama njiani. Kwa macho utaiona nyeupe, ngumu, imetulia. Ikwaruze kwa msumari, unga unamwagika. Ndiyo maana tunaifunga kwa magunia ya korosho yaliyoloweshwa na kuyamwagilia asubuhi, mchana na jioni, siku saba bila kukosa.

Watu wakisikia hivyo huongeza maji wakati wa kuchanganya, na hapo ndipo zege linapoharibika. Saruji hushikana na maji yanayokaribia robo ya uzito wake tu, yaani lita 12 hivi kwa mfuko. Tunaweka kama lita 25, tukihesabu na yale yaliyomo kwenye mchanga mbichi, ili zege limiminike vizuri. Ndoo ya ziada inayowekwa ili "liteleze" haipati saruji ya kushikana nayo. Inabaki kama maji matupu, na yakiondoka yanaacha vitundu.

Niliwahi kusimama kando ya mashine ya kuminya siku ya kupimwa michemraba miwili ya zege, ya sentimita 15 kila upande. Saruji ile ile, kokoto zile zile, ujenzi ule ule. Wa kwanza ulipandisha mshale hadi ukavuka kilonyutoni 560, uzito wa tani 57 hivi, ambacho ndicho kiwango cha zege la daraja la 25, yaani la nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Ulipasuka kwa mlio, pande zote nne zikabanduka, ukabaki na kiuno chembamba katikati kama kinu. Wa pili ulichotwa mchana, vijana walipokuwa wamechoka na mpira wa maji upo karibu. Haukufika tani 35. Wala haukutoa mlio, ulisagika tu. Na kwa sura, kabla ya kuwekwa pale, nisingeweza kukuambia upi ni upi.

"Tofali likidondoshwa lisivunjike, ni zuri." Inategemea limeangukia nini na kwa pembe ipi. Ukutani tofali linaminywa, halirushwi. Lipeleke likaminywe.

"Nondo bora haipindi." Chuma kinachogoma kupinda halafu kikakatika ghafla ni cha kuogopwa. Nondo nzuri ikivutwa mashineni hurefuka, hukonda mahali pamoja kama shingo, ndipo inakatika. Kule kurefuka ndiko kunakowapa watu nafasi ya kukimbia: lenta inaonyesha nyufa na kulegea kabla ya kushuka. Dukani huna mashine, lakini mizani ipo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inapaswa kukaribia kilo 10.6. Ikija na kilo 9, umeuziwa nyembamba kuliko uliyolipia.

"Wazee wa Kilwa walijenga kwa vitu vya bahari, mbona kuta zipo?" Zipo, na nazipenda. Kilwa Kisiwani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani hamna nondo hata moja. Chumvi ya mchanga wa ufukweni haina ugomvi mkubwa na zege lenyewe. Mchemraba wake unaweza kufaulu vizuri siku ya 28. Ugomvi wake ni na chuma. Inavunja kinga ambayo saruji huipa nondo, kutu inaanza, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, hivyo inasukuma zege kutoka ndani. Pita chini ya baraza za zege zilizo karibu na maji, inua macho. Ukiona ufa ulionyooka wenye mstari wa kahawia, huo unafuata nondo iliyo juu yake, na nondo hiyo imeshaanza kuliwa.