Jina la siri la shujaa wa katuni: maana yake na waliolijenga

Katika vitabu vya katuni, jina la siri ni jina la kawaida ambalo shujaa hulitumia mtaani anapokuwa hajavaa vazi lake. Superman akiwa kazini ni Clark Kent, mwandishi wa gazeti mwenye miwani na haya nyingi. Batman mchana ni Bruce Wayne, tajiri asiye na haraka ya jambo lolote. Jirani hajui, mwajiri hajui, na mara nyingi hata mpenzi wake hajui.

Mbinu hii ni ya zamani kuliko katuni zenyewe. Zorro, aliyeanza kuandikwa mwaka 1919, tayari alikuwa bwana mpole mchana na mpiganaji mwenye kinyago usiku. Lakini walioifanya kuwa uti wa mgongo wa katuni za Marekani walikuwa, kwa sehemu kubwa sana, vijana wa Kiyahudi, watoto wa wahamiaji waliotoka Ulaya, na wengi wao waliyajua maisha ya majina mawili kabla ya kuyachora.

Tazama majina yao. Jack Kirby, mchoraji wa Captain America, alizaliwa Jacob Kurtzberg. Stan Lee, mwandishi wa Spider-Man, alizaliwa Stanley Lieber, na Bob Kane, mchoraji wa Batman, alizaliwa Robert Kahn. Kila mmoja alikuwa na sababu yake: Lee alieleza kwamba jina lake halisi alilihifadhi kwa ajili ya riwaya kubwa aliyotarajia kuiandika, na Kirby hakupenda kabisa kuambiwa kwamba alikuwa anauficha Uyahudi wake. Hata hivyo waliishi katika Marekani ambayo jina la Kiyahudi liliweza kukufungia mlango wa kampuni ya matangazo au jarida lenye heshima. Katuni zilidharauliwa, malipo yalihesabiwa kwa ukurasa, na kwa sababu hiyohiyo hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza baba yako anaitwa nani. Wachapishaji wenyewe, kama Max Gaines, Harry Donenfeld na Martin Goodman, walikuwa Wayahudi. Kane, Lee, mchoraji Will Eisner na mwandishi Bill Finger walipita wote katika sekondari moja ya Bronx, DeWitt Clinton.

Superman alibuniwa Cleveland, Ohio, na vijana wawili, Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Alitoka katika toleo la kwanza la jarida la katuni Action Comics mwaka 1938, na haki zake zote ziliuzwa kwa dola 130. Hadithi yake ni ya mtoto aliyerushwa angani na wazazi wake kutoka katika sayari inayoangamia, akalelewa ugenini kwa jina la wenyeji. Msomaji wa Biblia atamkumbuka Musa katika kisafina cha manyasi. Jina lake la kuzaliwa, Kal-El, lina ile “El” ya Kiebrania yenye maana ya Mungu, tunayoisikia katika Danieli na Samweli. Ila mwanzoni liliandikwa Kal-L, kwa hiyo sioni vema kulijengea nyumba nzima juu ya herufi hizo. Kilicho wazi zaidi ni mgeuko walioufanya. Zorro huvaa kinyago ili awe shujaa. Superman amezaliwa na nguvu zake. Anachovaa ni Clark Kent. Mgeni ndiye mtu halisi, na mwenyeji mpole mwenye miwani ndiye vazi. Kwangu mimi huo ndio moyo wa dhana yenyewe, na mtoto yeyote wa mhamiaji anauelewa bila kufafanuliwa.

Kirby na Joe Simon waliutumia kwa hasira. Captain America wao ni Steve Rogers, kijana dhaifu aliyekataliwa jeshini hadi alipopewa dawa ya kumwongezea nguvu na mwanasayansi aitwaye Reinstein, jina ambalo halikuwa mbali na la Einstein. Jalada la toleo la kwanza, lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 1940, linamwonyesha akimpiga Hitler ngumi ya uso. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ilikuwa karibu mwaka mzima kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor na kuiingiza vitani. Wanazi nao walikuwa wanasoma: mwezi Aprili 1940 gazeti la SS, kikosi cha Hitler, liitwalo Das Schwarze Korps, lilimshambulia Superman na kumtukana Siegel kwa Uyahudi wake. Kirby alipelekwa Ufaransa mwaka 1944 kama askari wa miguu.

Yapo pia majina yaliyofichwa kwa dhuluma. Bill Finger alichangia vazi, tabia na hadithi nyingi za mwanzo za Batman, lakini kwa miongo mingi jina lililochapishwa lilikuwa la Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974. Kampuni ya DC, wachapishaji wa Batman, ilianza kumtaja rasmi mwaka 2015. Siegel na Shuster walirudishiwa majina yao kwenye kurasa za Superman, pamoja na malipo ya kila mwaka, baada ya kupiga kelele hadharani mwaka 1975.

Kisha akaja Art Spiegelman, aliyemhoji baba yake, Vladek, mnusurika wa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, na kuichora simulizi hiyo katika Maus, iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Humo Wayahudi ni panya, Wajerumani ni paka, Wapolandi ni nguruwe. Hakuna shujaa anayeruka. Lakini Vladek na mkewe Anja wanapotembea barabarani wakijifanya Wapolandi ili wasikamatwe, Spiegelman anawavika vinyago vya nguruwe, na uzi uliofungwa kisogoni unaonekana.