Nanga ya mfupa haiponyi bega

Wagonjwa wengi wanaoshonewa kano za bega huamini kwamba nanga iliyotiwa kwenye mfupa ndiyo itakayoshikilia kano maisha yote, kwa hiyo maumivu yakipungua tu, mkono uko tayari kwa kazi. Sivyo, na imani hiyo huharibu upasuaji uliofanyika vizuri.

Nanga ni kifaa kidogo, kwa kawaida chenye kipenyo cha milimita chache, kinachokazwa kama skrubu au kugongwa ndani ya sehemu ya juu ya mfupa wa mkono. Nyuzi imara zilizofungwa humo hupitishwa kwenye kano iliyochanika, kisha huivuta hadi ikae juu ya mfupa. Kazi yake ni ya muda, mithili ya mbao zinazoshikilia zege hadi likauke. Kinachounganisha ni mwili wenyewe: tishu mpya hujijenga kati ya kano na mfupa kwa wiki nyingi, na kukomaa kwake huchukua miezi.

Kano ikiachia tena, mara nyingi si nanga iliyong'oka. Ni uzi uliokata kano, kwa kuwa kano iliyochakaa ni dhaifu kuliko vifaa vyote hivyo. Ndiyo maana mkono huning'inizwa shingoni kwa kitambaa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6, na kubeba vizito huzuiwa kwa miezi kadhaa hata kama hakuna maumivu. Tafadhali, fuata ratiba ya mtaalamu wa viungo.

Wengine huuliza nanga itatolewa lini. Kwa kawaida haitolewi. Za titani na za plastiki ngumu hubaki. Nyingine huyeyuka polepole mwilini. Hutolewa ikilegea au ikikwaruza kiungo.