Kinga ya malaria haisafiri na mwanafunzi

Hapa Malindi wengi huamini kwamba aliyezaliwa na kukulia Pwani ameshaizoea malaria, hivyo kijana anayesoma Uingereza au Uturuki akija likizo hana haja ya chandarua wala dawa za kinga.

Imani hiyo ina mzizi wake. Anayeumwa mara kwa mara na mbu wenye vimelea tangu utotoni hujijengea kinga fulani. Ndiyo maana mtu mzima wa hapa huweza kuwa na vimelea damuni na bado akaenda kazini. Lakini kinga hiyo si kamili, na mtu akiishi ughaibuni bila kukutana na vimelea, hufifia. Akirudi akakesha barazani na binamu zake, kisha akalala chandarua kikiwa kimefungwa fundo juu ya kitanda, anaweza kuugua vibaya kuliko wenyeji wake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni safari ya kurudi chuoni. Dalili huchukua siku 7 au zaidi, pengine wiki kadhaa, kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, na homa ikimkuta kule daktari anaweza kudhani ni mafua. Basi aseme mwenyewe, siku hiyo hiyo: "Nimetoka Pwani ya Kenya, nipimeni malaria."

Anayetaka kuhakikisha afungue ukurasa wa serikali wa afya ya wasafiri wa nchi anayosomea, atafute sehemu ya wanaotembelea jamaa zao. Au aulize kliniki ya chuo mapema, maana baadhi ya dawa za kinga huanzwa wiki 2 au 3 kabla ya safari na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi.